Chumba cha Kazi za Mikono kwa Matangazo Mubashara: Kwa Nini Tatizo la Mtandao Huanzia Dirishani

Mtu anayetunga shanga au kufuma kwa kroshia nyumbani kwake Dodoma, na ambaye ameamua kuwaonyesha wateja na wanafunzi kazi hiyo mubashara, karibu kila mara hulalamikia jambo moja: picha inakatikakatika, vidole vinageuka vibonge vya rangi, na mtazamaji aliyeko Singida au Mwanza anauliza kama sindano imepita juu ya uzi au chini yake. Lawama ya kwanza huangukia mtandao. Bando huongezwa, laini hubadilishwa, na wengine hufikia hatua ya kununua simu mpya. Nami nilipita njia hiyo kwa miezi kadhaa katika chumba changu cha kazi Nzuguni, hapa Dodoma, mpaka siku niliposogeza meza mita mbili kuelekea dirishani, nikatangaza kwa laini ileile na simu ileile, na watazamaji wakaanza kuzihesabu shanga moja moja. Kilichobadilika ni mwanga tu.

Sababu yake iko katika namna video inavyosafiri. Picha yenye nukta 1,280 kwa 720, inayobadilika mara 30 kwa sekunde, kama ingetumwa ilivyo ingehitaji zaidi ya megabiti 600 kila sekunde, mzigo usiobebeka kwa bando la simu; lakini matangazo ya kiwango hicho hutumwa kwa megabiti tatu au nne tu. Simu huupunguza mzigo huo kwa kuibana picha, na njia yake kuu ya kubana ni kutorudia kile ambacho hakijabadilika: ukuta uliokuwepo sekunde iliyopita hautumwi tena, ila mikono inayosogea ndiyo hutumwa upya. Chumba kinapokuwa na giza, kamera hulazimika kuukuza mwanga mdogo inaoupata, na pamoja na mwanga huo hukuza chengachenga, yaani vidoa vidogo vinavyochezacheza katika picha nzima, hata juu ya ukuta uliotulia. Kwa programu inayobana picha, kila kidoa ni badiliko, na kila badiliko linataka kutumwa. Megabiti tatu ambazo zingetosha kuonyesha vidole hugawiwa ukuta, pazia na sakafu, na vidole hubaki na makombo.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba chumba cha matangazo kisipangwe kwa kuanza na kamera. Taa, ukuta, paa, kitambaa cha mezani na laini ya intaneti vimefungamana kiasi kwamba dalili huonekana mahali pamoja huku chanzo kikiwa kwingine. Pazia la kitenge chenye maua linalopepea nyuma ya fundi hula sehemu ya mtandao sawasawa na giza, kwa sababu kila ua linaloyumba ni badiliko jipya. Feni inayotikisa nyuzi zilizotundikwa ukutani hufanya vivyo hivyo. Upepo wa kiangazi wa Dodoma unajulikana, na dirisha lililoachwa wazi nyuma ya mtangazaji litakuwa na kitu kinachotikisika wakati wote. Ukuta mtupu wa rangi moja iliyopoa, usio na mng'ao, ndio unaoiachia mikono nafasi kubwa zaidi.

Tuanze basi na dirisha, kwa kuwa mwanga wa mchana ni bure na ni mwingi kuliko wa taa yoyote ya bei ya kawaida. Dodoma iko takribani nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Kwa mwenye nyumba, maana yake ni kwamba kuanzia mapema Machi hadi mapema Oktoba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini wa nyumba, na katika miezi iliyobaki hupita upande wa kusini. Dirisha linalotazama kusini, kwa hiyo, hupata mwanga laini wa anga bila jua la moja kwa moja karibu kiangazi chote, na kama nyumba inakupa nafasi ya kuchagua, chumba chenye dirisha hilo ndicho cha kuchukua. Dirisha la mashariki litakuletea jua kali asubuhi na kisha litatulia. La magharibi litakusumbua saa kumi jioni, wakati ambao watazamaji wengi ndio kwanza wanaanza kushika simu.

Jua la moja kwa moja lina ubaya ambao mtu hauoni mpaka atazame picha. Madirisha yetu yana nondo, na kivuli cha nondo hizo hulala juu ya meza kama mistari ya daftari, kikikata kazi vipande vya mwanga mkali na giza ambavyo kamera haiwezi kuvipatanisha. Pazia jeupe jepesi lililovutwa mbele ya dirisha huufuta mstari na kuusambaza mwanga. Kuna pia suala la rangi, ambalo kwa kazi za mikono ni suala la uaminifu kwa mteja. Vioo vya bluu au kahawia vilivyoenea kwenye madirisha ya aluminiamu huupaka mwanga rangi yake. Uwanja wa udongo mwekundu usio na nyasi huurudisha mwanga ukiwa umeshapata wekundu. Ukuta wa ndani uliopakwa rangi ya chungwa huongeza wake. Niliwahi kuuza mkufu wa rangi ya damu ya mzee ambao kwenye matangazo ulionekana mwekundu wa nyanya, na mteja alikuwa na haki kabisa ya kuurudisha. Tangu hapo huweka karatasi nyeupe mezani kabla ya kuanza: ikionekana nyeupe kwenye kioo cha simu, naendelea, ikionekana ya bluu au ya manjano, narekebisha mizani ya weupe (white balance) ndani ya programu ya kamera na kuifunga hapo, isije ikabadilika yenyewe katikati ya kipindi.

Wanaotangaza usiku watahitaji taa, na hapa kuna jambo moja la kiufundi ambalo wauzaji hawalisemi. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na taa ya LED iliyotengenezwa kwa bei ndogo huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni kitu. Kamera huona, na matokeo yake ni mistari hafifu ya giza inayopanda au kushuka katika picha nzima. Mistari hiyo nayo ni badiliko lisilokoma, hivyo huuchosha mtandao juu ya kuchosha macho. Dawa yake ni kuiwekea kamera muda wa kupokea mwanga wa sehemu moja ya 50 au moja ya 100 ya sekunde kwa kila fremu, yaani kila picha moja kati ya zile 30 za sekunde, kama programu yako inaruhusu, au kutafuta taa isiyofifia. Ukiwa bado dukani, omba taa iwashwe, kisha itazame kupitia simu yako katika video ya mwendo wa taratibu. Ikimetameta, iache hapohapo. Kwenye boksi tafuta joto la rangi kati ya kelvini 5,000 na 6,500, linalokaribiana na mwanga wa mchana, na kipimo cha uaminifu wa rangi, CRI, cha 90 au zaidi. Usichanganye taa hiyo na balbu ya manjano ya darini, kwa sababu mkono utakuwa na rangi moja upande wa kushoto na nyingine upande wa kulia, na hakuna mpangilio wa kamera utakaoziponya zote mbili.

Taa ya duara inayouzwa pamoja na stendi ya simu imetengenezwa kwa ajili ya uso, na mtazamaji wa kazi ya mikono haji kutazama uso. Mafundi cherehani wamelijua jambo hili tangu zamani: anayetumia mkono wa kulia huketi dirisha likiwa kushoto kwake, ili kivuli cha mkono kisiangukie mshono. Kanuni hiyo haibadiliki kwa sababu kuna kamera. Taa kuu ikae upande ulio kinyume na mkono unaofanya kazi, juu kidogo, na upande wa pili uwekwe taa dhaifu zaidi, au hata kipande cha boksi jeupe kinachorudisha mwanga, ili vivuli visiwe vyeusi mno. Shanga za kioo na uzi wenye mng'ao zitakuonyesha mara moja kama taa imekaa vibaya, kwa sababu utaona nukta kali ya taa ikijirudia juu ya kila shanga.

Mahali pa kamera ndipo wengi wanapopoteza wanafunzi bila kujua. Kamera iliyosimama mbele ya fundi humwonyesha mtazamaji kazi ikiwa imegeuzwa: kinachokwenda kulia yeye hukiona kikienda kushoto, na uzi ambao fundi anauvuta kuelekea kwake mwenyewe, mtazamaji huuona ukivutwa kwenda mbali naye. Kwa mtu anayejifunza fundo, huo ni mzigo mzito. Kamera inapaswa kutazama kazi kutoka juu, ikiwa imeelekezwa hivi kwamba mtazamaji anaona kile ambacho fundi mwenyewe anakiona, kana kwamba amesimama nyuma ya bega lake, kama mtoto anavyosimama nyuma ya bibi anayesuka ukili. Itumike kamera ya nyuma ya simu, ambayo kwa kawaida ni bora kuliko ya mbele; kamera ya mbele kwenye programu nyingi pia huigeuza picha kama kioo cha kujitazamia, na maandishi kwenye paketi ya nyuzi yakasomeka kinyumenyume.

Stendi yenye mkono mrefu unaoning'iniza simu juu ya meza inafaa, ila isibanwe kwenye meza ileile inayofanyiwa kazi. Kila unapogonga, kukata au kuegemea, picha nzima itatikisika, na kwa programu inayobana picha mtikisiko ni badiliko la kila nukta kwa wakati mmoja. Ibane ukutani au kwenye kabati lililo kando. Umbali wa nusu mita hivi kutoka mezani hutosha kwa kazi ndogo, na kabla ya siku ya matangazo kaa na ufanye kazi kwa robo saa huku ukirekodi, kwa sababu kila mtu anapofikia sehemu ngumu huinamisha kichwa, na kichwa hicho huingia kwenye picha wakati hasa ambapo mtazamaji anataka kuona. Tiba yake ni kuinua meza au kushusha kiti. Kujikumbusha usiiname hakusaidii. Kisha gusa na ushikilie kidole juu ya kioo, mahali mikono inapokaa, mpaka simu ifunge umakini wa lenzi na kiasi cha mwanga. Bila hivyo lenzi itakuwa ikihangaika mbele na nyuma kila mkono unapoinuka.

Kitambaa cha mezani kinastahili uangalifu kuliko kinavyopewa. Kamera hupima mwanga ikichukulia kwamba kilicho mbele yake kina weupe wa wastani. Ukitandika kitambaa cheusi, itadhani kuna giza na kuongeza mwanga mpaka ngozi ya mikono ipauke. Ukitandika cheupe, itapunguza mpaka mikono iwe kivuli. Kijivu cha wastani au rangi ya kaki, bila maua, ndicho kinachoitendea haki ngozi yetu na shanga za rangi zote. Kitambaa pia hunyamazisha shanga zinazomwagwa na mkasi unaotuliwa, sauti ambazo maikrofoni iliyo karibu huzifanya kama mabati yanayoanguka.

Nikija kwenye sauti yenyewe, vyumba vyetu vingi ni vya kuta za saruji na sakafu ya vigae, na sauti inayogonga sehemu ngumu hurudi. Msikilizaji husikia mtu anayezungumza kama yuko ndani ya pipa, akafikiri maikrofoni ni mbovu. Kitenge kimoja chembamba ukutani hakifanyi kazi kubwa. Blanketi zito, godoro lililosimamishwa ukutani nyuma ya kamera, mkeka mnene sakafuni na rafu iliyojaa vitambaa vilivyokunjwa hufanya. Lakini kabla ya hayo yote, sogeza maikrofoni. Ukipunguza kwa nusu umbali kati yake na mdomo, nguvu ya sauti yako inayoifikia huongezeka mara nne, huku kelele za chumba zikibaki zilivyokuwa. Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo, ikikaa kama shubiri moja chini ya kidevu, huishinda maikrofoni ya gharama iliyowekwa upande wa pili wa meza. Mvua ya Januari ikipiga juu ya mabati, hata hivyo, hakuna maikrofoni itakayoishinda, na njia niliyoiona inafaa ni kuwa na kadi zilizoandikwa kwa herufi kubwa, moja kwa kila hatua ya kazi, ili mikono na kadi viendelee kufundisha mpaka mvua ipungue.

Paa hilohilo huleta tatizo jingine ambalo hujificha kwa sura ya mtandao. Mwezi Novemba, kabla mvua hazijashika, chumba chenye mabati bila dari huwa na joto kubwa kuliko la nje, na simu inayorekodi, kubana, kutuma na kuchajiwa kwa wakati mmoja huzalisha joto lake lenyewe. Apple, kwa mfano, huelekeza kwamba iPhone itumike katika mazingira ya nyuzi 0 hadi 35 za Selsiasi. Simu ikizidiwa hujilinda: hufifisha kioo, hupunguza kasi ya kazi, huacha fremu, na mwishowe huzima kamera. Mtazamaji huona mkatiko uleule alioulaumu kwenye mtandao. Vua kava, simu ianze ikiwa imejaa chaji ili isichajiwe muda wote, isipigwe na jua la dirishani, na feni ielekezwe kwenye simu kutoka mbali badala ya kuelekezwa mdomoni. Mwenye uwezo wa kuweka dari katika chumba kimoja tu cha nyumba achague hiki. Na kwa kuwa vumbi la kiangazi huingia hata kwenye chumba kilichofungwa, lenzi ifutwe kwa kitambaa laini kila mara kabla ya kuanza. Ukungu unaoonekana kwenye picha nyingi ni vumbi na mafuta ya vidole.

Baada ya hayo ndipo mtandao unapostahili kuchunguzwa, na kuna kipimo kimoja rahisi cha kujua kama ndio wenye kosa. Rekodi dakika tano kwenye simu bila kutangaza, mahali palepale na kwa mpangilio uleule, kisha itazame. Chengachenga, mistari, mwangwi au ukungu ukiwemo kwenye rekodi hiyo, intaneti haihusiki. Rekodi ikiwa safi na matangazo yakiwa mabovu, hapo sasa pima kasi. Kinachohitajika ni kasi ya kupakia, yaani ya kutuma, ambayo kwa laini nyingi ni ndogo kuliko ile ya kupakua inayotajwa kwenye matangazo ya biashara. Ipimwe saa ileile utakayotangaza, kwa kuwa saa mbili usiku si sawa na saa nne asubuhi. Tangaza kwa kiwango kisichozidi nusu ya kasi uliyoipata. Kwa megabiti tatu kwa sekunde utatumia takribani gigabaiti 1.35 kwa saa, hesabu inayofaa kufanywa kabla ya kununua bando. Kama una ruta, yaani kifaa kinachosambaza Wi-Fi nyumbani, ujue kwamba masafa yake ya gigahezi 5 ni mepesi kwa kasi lakini hudhoofika haraka yakikutana na kuta za tofali, hivyo ruta na simu vikae chumba kimoja. Anayetumia bando la simu azuie pia simu zinazopigwa, kwa sababu simu moja inayoingia inaweza kuyakata matangazo yote.

Umeme ukikatika, ruta hutumia nguvu ndogo sana, na betri ndogo ya akiba iliyotengenezwa kwa ajili yake huweza kuibeba kwa saa kadhaa. Taa ya kuchaji moja na pawabenki hukamilisha kinga hiyo. YouTube huhitaji akaunti ihakikiwe, na ruhusa ya kwanza ya kutangaza huweza kuchukua hadi saa 24; kutangaza kwa simu kunahitaji pia wafuatiliaji 50, hivyo mambo hayo yasiachwe hadi siku yenyewe.

Chumba cha nyumbani kina siri ambazo studio haina. Angalia kila kinachoonekana nyuma yako: namba ya mita ya umeme, bahasha zenye anwani, picha ya mtoto akiwa na sare ya shule, geti la jirani kupitia dirisha. Usisome kwa sauti namba ya simu ya mteja anayelipia oda, wala usionyeshe ujumbe wa malipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu pia mfanyabiashara mdogo anayetunza majina na namba za wateja. Maudhui yenyewe yako chini ya Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020 na marekebisho yake, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na ni vyema mtu azisome mwenyewe badala ya kutegemea maneno ya mitaani.

Limebaki jambo moja ambalo hakuna kifaa kinacholiondoa. Kati ya mkono wako kusogea na mtazamaji kuuona hupita sekunde kadhaa, na mara nyingine zaidi ya nusu dakika. Anapouliza umepitishaje uzi, wewe umeshafunga fundo lile na kuanza jingine, na kufumua kazi mbele ya watu hupoteza muda na huharibu uzi. Kwa hiyo, upande wa kushoto wa meza yangu, nje kidogo ya picha, kuna sinia lenye vipande vitano vya kazi ileile: kimoja kimeanzwa, kingine kimefika robo, kingine nusu, kingine robo tatu, na cha mwisho kimekamilika. Swali likifika, naweka chini kilicho mkononi, nachukua kipande cha hatua aliyoiulizia, nakiweka katikati ya picha, na narudia fundo hilo mara mbili kabla ya kurudi nilipokuwa.